Shen Du na Twiga wa Pwani

Ni nadra kumpata mtu wa pwani ambaye hajasikia kisa cha twiga aliyesafirishwa kutoka Malindi hadi Uchina. Kisa hicho husimuliwa kwa fahari, na fahari yenyewe haina ubaya. Lakini kila kinaposimuliwa hutajwa mfalme, akatajwa jemadari Zheng He na majahazi yake makubwa, kisha mazungumzo yakafungwa. Husahauliwa wale waliotuwezesha leo kumtazama mnyama wa namna ile kwa macho yetu wenyewe, nao ni wenye kalamu. Msomaji mpenzi, hao ndio ninaotaka tuwazungumze leo, na nakwambia mapema kwamba mmoja wao ana jina na mwengine hana.

Mwenye jina ni Shen Du. Alizaliwa mwaka 1357 katika wilaya ya Huating, karibu na pale ulipo mji wa Shanghai hivi sasa. Tangu ujana alisifika kwa elimu na kwa mwandiko. Alipopendekezwa kwa kazi ya serikali katika enzi ya mfalme wa kwanza wa ukoo wa Ming, alikataa. Baadaye akanaswa katika mashtaka yaliyowahusu wengine, akahamishwa kwa nguvu hadi Yunnan, jimbo la mbali la kusini-magharibi. Huko mmoja wa wana wa mfalme alimwita kwa heshima na zawadi ili awe karibu naye. Shen Du akaenda, lakini hakuwa mtu wa kuitikia kila neno. Alimwonya yule bwana mara kwa mara, na haukupita muda akaaga, akaondoka zake.

Likumbuke jina hilo la Yunnan. Ndiko alikozaliwa Zheng He mwaka 1371, katika nyumba ya Kiislamu ambayo baba na babu wote walijulikana kwa jina la Haji. Majeshi ya Ming yalipoiteka Yunnan mwanzoni mwa miaka ya 1380, mtoto yule alichukuliwa mateka, akahasiwa, akatiwa katika utumishi wa mwana mwengine wa mfalme. Basi yule aliyekuja kuziongoza merikebu na yule aliyekuja kumwandikia twiga sifa wote walipitia jimbo moja la mashaka, mmoja kwa kuzaliwa na mwengine kwa adhabu.

Bwana wa Zheng He ndiye aliyekuja kuitwa Yongle. Kiti hakukirithi, alikinyang'anya. Alipigana na mwana wa nduguye kwa miaka mitatu, na mwaka 1402 akaingia mji mkuu kwa upanga. Hapo alimtaka mwanachuoni mashuhuri kuliko wote, Fang Xiaoru, aandike tangazo la kutawazwa kwake. Fang akakataa kata kata. Aliuawa, na jamaa zake wakauawa pamoja naye, hata na wanafunzi wake. Naam, kwa ajili ya karatasi moja tu ambayo haikuandikwa.

Baada ya hapo mfalme aliamuru watafutwe watu wenye mwandiko mzuri waingizwe katika chuo cha Hanlin, wapewe posho na kazi. Shen Du alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa. Sasa alikuwa mtu wa umri wa zaidi ya miaka 40, aliyekwisha kuonja uhamisho. Hakukataa tena. Mimi simlaumu kwa haraka. Sisi wenye kutunga twajua ni mashairi mangapi ya sifa yametungwa katika pwani hii kwa ajili ya liwali, au kwa ajili ya tajiri mwenye majahazi, na mtungaji akijua moyoni kwamba nusu ya sifa hizo hazimo ndani ya mtu mwenyewe.

Mwandiko wa Shen Du ulikuwa wa namna gani? Ulikuwa sawasawa, laini, kila herufi imekaa mahali pake kama watu walionyoosha safu msikitini. Ndio ulioitwa mwandiko wa baraza la mfalme, na baadaye ukawa kielelezo kwa makarani wa nchi nzima. Nyaraka zilizotiwa dhahabu, vitabu vya hazina, na barua zilizopelekwa kwa nchi za nje, mfalme alitaka ziandikwe kwa mkono wake. Yongle alimwita Wang Xizhi wa zama zake, na Wang Xizhi ndiye bingwa wa karne ya nne ambaye Wachina humtaja wa kwanza wakitaja waandishi wao. Mdogo wake, Shen Can, naye alikuwa mwandishi mashuhuri, watu wakawaunganisha ndugu wawili katika sifa moja.

Kwa mtu aliyesoma chuoni, mapenzi hayo ya mwandiko hayahitaji kufasiriwa. Mwalimu wangu alitufundisha kuandika kwa kijiti cha unyasi na wino wa masizi juu ya ubao, na herufi iliyopinda ilifutwa kabla ya kusomwa. Siyu ya kale ilijulikana kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono, yenye mapambo ya maua na misuko pembezoni, na hadi leo misahafu ya Siyu huhifadhiwa kama tunu. Tofauti yetu na Wachina ni kwamba sisi tuliiacha sura ya kiumbe chenye roho, uzuri wote tukautia katika herufi, katika mlango na katika mapambo ya plasta. Wao waliviweka vitu viwili pamoja, picha chini na maandishi juu. Na palipokuwa na vitu viwili, cheo kikubwa kilikuwa cha maandishi.

Mwaka 1414 walifika Uchina wajumbe wa Sultani Saif al-Din wa Bengali, nchi ya Kiislamu, wakiwa na zawadi ambayo haikupata kuonekana barazani: twiga. Bengali haina twiga. Mnyama huyo alikuwa amekwisha kuvuka bahari kutoka Afrika kabla ya kuanza safari ya pili. Mwaka uliofuata, 1415, wakaja wajumbe wa nchi ambayo vitabu vya Ming huiita Malin, na wanahistoria wengi wanasema ndiyo Malindi yetu, nao wakaleta twiga wao. Mfalme alitoka hadi lango la Fengtian kumpokea. Zheng He alipofunga safari yake ya tano, mwaka 1417, aliwarudisha wajumbe makwao.

Hapa ndipo lilipo jambo la kushangaza. Wachina hawakuwa wageni kabisa wa mnyama huyu. Mwaka 1225 ofisa mmoja wa forodha, Zhao Rugua, aliyekuwa akiwahoji mabaharia bandarini, alikwisha kuandika habari za mnyama wa pwani ya Wasomali mwenye umbo la ngamia na kichwa kilichoinuka juu, akamwita *zula*. Msomaji anayejua Kiarabu atalitambua neno zurafa mara moja. Kwa hivyo jina la haki lilikuwapo, limelala kitabuni karibu miaka 200. Lakini barazani kwa Yongle halikutumika. Wasomali humwita twiga *geri*, na masikioni mwa Wachina sauti hiyo ilikaribiana na *qilin*, mnyama wa hadithi zao ambaye huonekana tu anapotawala mfalme mwenye haki. Mfalme aliyepata kiti kwa kumwaga damu ya jamaa yake aliletewa mnyama anayeshuhudia haki. Ungekuwa wewe ndiye karani, ungeandika zula?

Shen Du aliandika qilin. Akatunga utenzi wa sifa pamoja na utangulizi wake, akauandika kwa mwandiko ule ule wa safu zilizonyooka, juu ya picha ya twiga wa Bengali. Picha hiyo pamoja na maandishi hayo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la kifalme huko Taipei, na nyingine inayofanana nayo ipo Philadelphia, Marekani. Vitabu vingi humtaja Shen Du kuwa ndiye mchoraji pia. Mimi nimeitazama nakala yake kwa miaka mingi, na nasema aliyeandika na aliyechora hawakuwa na jicho moja.

Yatazame maandishi kwanza. Mnyama anayesifiwa pale juu ana pembe ya nyama isiyo na mfupa, kwato zake hazikanyagi kiumbe hai, na sauti yake ni kama kengele na zumari. Hizo ni sifa za qilin wa vitabu. Shen Du hakuhitaji kutoka nje kumwona mnyama ndipo aziandike, zilikuwa zimekwisha kuandikwa kabla ya twiga kuzaliwa. Kisha teremsha macho. Hapo chini pana mnyama wa kweli: shingo imepanda juu, miguu myembamba, mkia wenye kishungi, na pembe mbili fupi zilizofunikwa na ngozi. Mbele yake amesimama mtu mwenye ndevu na kilemba, ameshika kamba. Mnyama hana mbawa, hatoi moto puani. Amefungwa hatamu, anachungwa.

Juzijuzi nilipata safari ya kwenda Meru, nikaitia nakala ile mkobani. Nia yangu ilikuwa moja, kuilinganisha picha na mnyama mwenyewe. Pwani yetu ya kusini mwa mto Tana, hadi Tsavo, ina twiga mwenye madoa yaliyochanika ncha kama majani ya mzabibu. Lakini twiga wa kaskazini, yule wa Meru, Samburu, Garissa hadi Usomalini, ni mwengine kabisa wa mavazi.

Gari lilipita Mwea kwenye mashamba ya mpunga, hata Embu tukafika adhuhuri. Nilisali katika msikiti wa mjini, na baada ya sala mzee mmoja mwenyeji, alipojua natoka Mombasa, aliniuliza kwa mzaha, "Sheikh, umekuja kutukamatia muguka wetu?" Tukacheka. Mwaka 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipoipiga marufuku muguka, kelele kubwa zilizuka Embu, na mambo yakafika mahakamani. Ndivyo tulivyo. Sisi twaijua Embu kwa muguka na Meru kwa miraa, nao watujua kwa mahamri na bahari. Uchina ilitujua kwa twiga.

Kutoka Embu barabara hupanda na kushuka mabonde yote ya mashariki ya mlima ambao Waembu huuita Kirinyaga. Meru mjini nililala, na usiku huo nikasimuliwa habari ambayo kila mtu wa Lamu anastahili kuisikia. Wazee wa Kimeru husema kwamba asili yao ni kisiwa kiitwacho Mbwaa, chenye maji yanayojaa na kupwa, na kwamba huko walionewa na watu waliowaita Nguo Ntuni, yaani wenye nguo nyekundu, hata wakatoroka kwa kuyavuka maji kwa miguu wakiongozwa na mkombozi wao. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wengi wa huko, alikiweka kisiwa hicho Manda, ng'ambo tu ya Lamu. Tena ni Manda hiyo hiyo ambako mwaka 2013 wachimbuaji walitangaza kuipata sarafu ya Yongle, yenye tundu la mraba katikati. Nyingine ya mfalme huyo huyo ilikuwa imepatikana Mambrui mwaka 2010. Sisemi kwamba mambo haya yalikutana siku moja, maana kuhama kwa Wameru kunahesabiwa kuwa baadaye sana. Nasema tu kwamba mstari tunaouchora kati ya bara na pwani ni mpya kuliko tunavyodhani.

Mbuga ya Taifa ya Meru, iliyotangazwa rasmi mwaka 1966, iko chini, upande wa joto. Ukishuka kutoka mjini baridi hukuacha, mashamba ya miraa yakabaki nyuma, ikaja nyika yenye mikoma na migunga. Mpaka wake wa kusini ni mto Tana, mto huo huo unaoingia baharini kwetu karibu na Kipini. Kijana aliyenitembeza aliniambia, "Mzee, twiga hapa hawatafutwi, wao ndio watakaokuona kwanza." Akasema kweli. Tuliwakuta watano wakila majani ya juu ya mgunga, na mkubwa wao alitugeuzia uso akatutazama kwa muda mrefu bila ya kuacha kutafuna.

Nikaitoa picha. Msomaji, madoa ya twiga wa Meru si madoa. Ni vigae vikubwa vya rangi ya maini, kila kimoja chenye pembe zake, na baina yake mistari myeupe membamba iliyonyooka, mfano wa jarife jipya lililotandazwa juu ya mwili mzima. Na yule wa Taipei ndivyo alivyochorwa, mwili mzima ni vyumba vilivyogawanywa kwa mistari myembamba. Wako watakaosema kwamba mchoraji alikuwa akimtilia mnyama magamba, kwa kuwa qilin wa hadithi ana magamba. Huenda hilo nalo lilikuwamo. Ushahidi wangu hautoshi mbele ya kadhi. Lakini kama angetaka magamba angechora magamba, kwani Wachina wamechora samaki na majoka maelfu na wanajua gamba linavyolaliana. Hivi vya picha havilaliani. Vimekaa kama sakafu. Mimi naona mchoraji alimwona twiga wa kaskazini, akamchora twiga wa kaskazini.

Nikamuuliza yule kijana kuhusu zile sifa nyengine. Sauti ya kengele? Alisema amefanya kazi pale miaka mingi na sauti ya twiga hajaisikia, na kweli wataalamu husema ni mnyama wa kimya, akivuma kidogo ni usiku. Kwato zisizokanyaga kiumbe? Akacheka kabisa. "Mzee wangu, teke la huyu humuua simba." Na pembe zile zina mfupa ndani.

Basi ndani ya kipande kimoja cha hariri mna mashahidi wawili wanaopingana. Wa juu alikuwa na elimu, na cheo, na jina. Alikuwa pia na kumbukumbu ya Fang Xiaoru. Wa chini alikuwa na mnyama mbele yake. Katika enzi ya Ming wachoraji wa jumba hawakukaa chuo cha Hanlin pamoja na wasomi. Wengi waliandikwa katika vyeo vya askari walinzi wa mfalme, kwa sababu tu ilibidi waandikwe mahali ili walipwe. Hakuna aliyewataka wawe na maoni juu ya haki ya mfalme. Labda ndiyo sababu mkono wake ulikuwa huru. Angeweza kumtia twiga pembe moja, na hakuna ambaye angemlaumu. Alimtia mbili. Nilipokuwa kijana nikiandika mashairi ya kusomwa katika sherehe za wakubwa, laiti ningaliijua picha hii.

Hata Yongle mwenyewe, kwa haki yake, hakuyameza yote. Mawaziri walipoomba mwaka 1414 wamletee waraka wa pongezi kwa sababu ya mnyama yule, aliukataa, akawataka washughulikie uendeshaji wa nchi, kwa kuwa nchi ikiendeshwa vyema hata asipokuja qilin hakuna hasara. Na alipokuja wa Malindi, alisema sifa ni za marehemu baba yake na za msaada wa mawaziri. Huenda ulikuwa unyenyekevu wa desturi. Huenda pia alikwenda karibu na yule mnyama, akamwona analambalamba hatamu kwa ulimi mweusi, akajua.

Shen Du aliishi hadi mwaka 1434. Mfalme wake alifariki 1424, na safari ya mwisho ya Zheng He ilikwisha 1433. Mwandiko wa baraza ulizidi kutumiwa na makarani kwa karne nyingi, na wapo wajuzi wa Kichina waliokuja kuuona umenyooka mno, hauna pumzi. Juu ya hilo sina la kusema, kwani mimi naupenda.

Twiga wa kaskazini naye hali yake si ya kutungia sifa. Mwaka 2018 shirika la kimataifa la hifadhi lilimwandika katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, ikikadiriwa kwamba walikuwa wamebaki wapata 16,000, chini ya nusu ya waliokuwapo miongo michache kabla. Mwaka 2025 shirika hilo likakubali kwamba twiga si jamii moja bali ni jamii nne, na huyu wa Meru ni mmojawapo peke yake. Huko Laikipia na Samburu kipo kikosi cha vijana wenyeji kiitwacho Twiga Walinzi, ambacho kazi yake ni kuwafuata na kuwahesabu. Hawawavishi alama yoyote ili kuwatambua. Huwapiga picha ubavuni, kwa sababu jarife la kila twiga ni lake peke yake tangu kuzaliwa hadi kufa, kama alama za vidole vyetu, na kwa picha hiyo mtu hukaa na daftari lake akasema huyu ni yule tuliyemwona mwaka juzi mtoni, na huyu ni mgeni.